Kabla Hujalipia Programu ya Duka kwa Mwezi

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbagala Rangi Tatu, na tawi lake Tegeta, siku hizi hakosi kufuatwa na vijana wa mauzo: programu ipo mtandaoni, lipia kwa mwezi, mauzo utayaona kwenye simu. Ni kweli. Yapo lakini wasiyoyataja.

Awali programu ilinunuliwa mara moja, fundi akaiweka kwenye kompyuta ya kaunta. Hesabu za Tegeta zilifika Rangi Tatu kwa flashi. Umeme ukirudi kwa nguvu na kompyuta ikaungua, hesabu za mwaka mzima zilikwenda nayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni za nje zilianza kuziweka programu kwenye seva zao na kuzikodisha. Ila kila mteja alikuwa na nakala yake, na kila nakala ilihudumiwa peke yake, kwa hiyo gharama ilibaki juu. Salesforce, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, ni miongoni mwa walioeneza mtindo wa sasa: programu moja kwa wateja wote, kila mmoja akiona vyake tu. Kosa likirekebishwa, limerekebishwa kwa wote. Ndiyo maana hata duka la mtaani linaimudu.

Kwetu Tanzania njia ya programu hizi ilifunguliwa na nyaya za baharini za SEACOM, 2009, na EASSy, 2010. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika, intaneti ikazorota nchini. Basi uliza: mtandao ukikata, nitauza? Usiridhike na jibu la mdomo. Muuzaji azime data mbele yako, auze mfuko mmoja wa saruji, kisha awashe. Angalia stoo imepungua mfuko mmoja, si miwili.

Bei ikiwa kwa dola, piga hesabu. Mwanzoni mwa 2023 dola 20 zilikuwa kama shilingi 46,600. Katikati ya 2024 zilipita 52,000, na huduma ni ileile.

Kubwa kuliko yote ni kutoka. Ukiacha kulipa unafungiwa nje, na kumbukumbu zako ziko ndani, wakati Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka uzitunze miaka mitano. Siku ya majaribio omba uoneshwe jinsi ya kupakua mauzo, stoo na madeni kwenye faili la Excel. PDF haitoshi, maana kuihamishia kwenye programu nyingine ni kazi ya kuandika upya. Mkataba utaje kumbukumbu zitatunzwa siku ngapi baada ya malipo kukoma. Kila mwisho wa mwezi pakua nakala, uiweke nyumbani.

Majina na simu za wanaokopa kwako nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kuziweka kwenye seva ya mtu hakukuondolei wajibu. Na akaunti ifunguliwe kwa namba na barua pepe yako mwenyewe, kamwe si ya kijana wa kaunta, kwa sababu akiondoka kazini, ndiye atakayetumiwa ujumbe wa kubadilisha neno la siri.