Walaghai wa Simu, na Jinsi ya Kujihadhari Nao

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za michezo, za safari na za mashairi. Leo naomba nafasi kidogo nieleze jambo lililotia hasara nyumba nyingi za wazazi wetu, na nyumba yetu ni mojawapo. Jambo hilo ni ulaghai wa simu na wa intaneti. Nitaanza na kisa changu mwenyewe, ijapokuwa ni cha aibu.

Likizo ya mwaka juzi nilikuwa nyumbani, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mama yangu alikuwa ameuza kahawa yake, akalipwa kwa simu. Fedha zilizokuwamo zilikuwa shilingi 640,000, nazo ndizo karo yangu ya muhula. Jioni moja, tukiwa jikoni, ujumbe uliingia katika simu yake. Mama alinipa niusome. Uliandikwa hivi: “Umepokea shilingi 450,000. Salio lako jipya ni shilingi 452,300.” Sijaweka simu chini, ikaita. Alikuwa mwanamume, akisema lugha yetu ya nyumbani, tena kwa heshima nyingi.

“Mama yangu, nakupigia magoti,” alisema. “Nimekosea namba. Fedha hizo ni za mke wangu, yuko hospitali, na daktari anangoja. Nirudishie upesi, Mungu atakulipa.”

Mama alinitazama, akasema, “Mwanangu, tungoje. Asubuhi twende kwa wakala tukamwulize.”

Nami nilimjibu hivi, na maneno hayo sitayasahau: “Mama, mtu anakufa nasi tungoje asubuhi? Ujumbe umeandikwa wazi, na mimi nimeusoma.” Mama hakubishana na mwanawe aliyesoma. Alibonyeza namba yake ya siri, fedha zikaenda. Tulipotazama salio, tulikuta hata shilingi 190,000 hazikutimia. Tulipiga ile namba mara nyingi, haikupatikana tena.

Sasa tazameni hesabu hii, ambayo mtoto wa shule ya msingi angaliweza kuifanya. Kama shilingi 450,000 zingaliingia kweli, juu ya zile 640,000 zilizokuwamo, salio lingalikuwa shilingi 1,090,000. Lakini ujumbe ule ulisema 452,300. Kwa nini? Kwa sababu yule mtu hakujua mama alikuwa na kiasi gani, basi alibuni tu. Hakuwa ametuma fedha yoyote. Alikuwa ametuma maneno. Ushahidi wa uongo wake ulikuwa mkononi mwangu, nikausoma bila kutoa wala kujumlisha. Mama, ambaye hakupata elimu kama yangu, ndiye aliyekuwa na akili ya kuuliza.

Mama aliuza mtamba wake, nami nikarudi shuleni nikiwa nimechelewa wiki tatu. Wenzangu waliponiuliza, nilisema nilikuwa mgonjwa wa malaria. Niliona aibu. Muhula uliofuata, rafiki yangu wa darasa moja aliitwa ofisini. Mama yake alikuwa amedanganywa kwa ujumbe wa namna ile ile, karo yote ikapotea. Nilimtazama akifunga sanduku lake, nami moyoni nikajua kwamba maneno mawili matatu ningaliyasema mapema yangaliweza kumwokoa. Uwongo wangu wa malaria ulinilinda mimi, ukamwacha yeye bila onyo. Hii ndiyo sababu naandika leo.

Hila hii si mpya

Watu wengine husema kwamba simu ndiyo iliyoleta uovu huu. Sivyo. Katika karne ya 19 matajiri wa Ulaya na Marekani walipelekewa barua zenye habari za mtu wa ukoo bora aliyefungwa gerezani Hispania. Barua ilisema kwamba mfungwa huyo ana hazina iliyofichwa, naye atamgawia yeyote atakayetoa fedha kidogo za kumfungua. Hapakuwa na mfungwa wala hazina. Mwaka 1898 gazeti moja la New York liliiandika kuwa ni hila ya zamani iliyofufuka! Baadaye barua kama hizo zilienea kutoka Nigeria, hata watu wakaziita “419”, kwa kuwa hiyo ndiyo namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya nchi ile kinachokataza udanganyifu wa namna hiyo.

Kilichobadilika ni mwendo. Barua ilichukua wiki nyingi, na katika wiki hizo mtu aliweza kufikiri na kushauriana na jirani. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Uganda mwaka 2009. Ni huduma njema, nayo imewasaidia wazazi wetu kulipa karo bila kubeba fedha njiani. Lakini siku hizi fedha huenda kwa dakika moja, na aliyezipokea anaweza kuzitoa kwa wakala kabla hujamaliza kushangaa.

Mafiga matatu

Nimechunguza visa vingi nilivyosimuliwa na wenzangu, nami nimeona kwamba chungu cha walaghai hukaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni moyo uliotaharuki, ama kwa hofu, ama kwa huruma, ama kwa tamaa. Figa la pili ni haraka: “Sasa hivi! Kabla ya saa kumi!” Figa la tatu ni siri: “Usikate simu, usimwambie mtu.” Ondoa figa moja tu, chungu kitaanguka. Moyo ni mgumu kuutawala, maana huruma na hofu huja zenyewe. Lakini haraka na siri tunaweza kuzikataa. Basi, kila wanijiapo kwa sura mpya, tafuteni mafiga hayo.

Sura ya kwanza yatuhusu sana sisi tunaolala bweni. Mzazi hupigiwa simu: “Mimi ni mwalimu wa mwanao. Ameanguka, tumempeleka hospitali, tuma fedha za dawa.” Mzazi hawezi kumpigia mwanawe, kwa kuwa shuleni haturuhusiwi kuwa na simu. Siku hizi zimetokea programu za kompyuta ziwezazo kuiga sauti ya mtu baada ya kusikia maneno yake machache, hata mama akadhani anamsikia mwanawe akilia. Dawa yake ni hii: mzazi awe na namba za shule zilizoandikwa kwenye karatasi nyumbani, akate simu, kisha apige mwenyewe namba hizo. Tena mpatane nyumbani swali moja ambalo jibu lake lajulikana na ninyi tu.

Sura ya pili ni ya mtu ajifanyaye karani wa benki au wa kampuni ya simu. Husema kwamba laini yako itafungwa, kisha huomba namba yako ya siri, au tarakimu zilizoingia sasa hivi katika simu yako. Fahamu kwamba namba ya siri ni kama ufunguo wa nyumba. Karani wa kweli haiulizi. Nazo zile tarakimu sita ambazo WhatsApp hutuma ni za kufungulia akaunti yako. Ukimpa mtu mwingine, ataingia yeye nawe utatolewa, kisha atawaomba fedha rafiki zako wote kwa jina lako.

Sura ya tatu yawahusu hasa ninyi mliomaliza masomo, mnaotafuta kazi. Huja habari ya zawadi, au nafasi ya masomo, au kazi ng’ambo, mradi ulipe kwanza “ada ya fomu”. Jiulizeni: mwenye kukupa mshahara, mbona aanze kwa kukuomba fedha? Na kupoteza ada huenda si hasara kubwa kuliko zote. Vijana kutoka nchi nyingi, na Waafrika miongoni mwao, wameahidiwa kazi za kompyuta huko Asia ya Kusini-Mashariki, wakafika na kunyang’anywa pasi zao, wakafungiwa katika majumba na kulazimishwa kuwalaghai watu wengine kwa intaneti. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya Agosti 2023, ilikadiria kwamba watu wapatao 120,000 huko Myanmar, na wengine wapatao 100,000 huko Kambodia, huenda walikuwa katika hali hiyo. Maana yake ni kwamba mtu anayekupigia simu kukulaghai huenda naye ni mfungwa.

Sura ya nne ni chama cha “fedha zizaazo fedha”, unapoahidiwa faida kubwa kwa siku chache, na zaidi ukileta rafiki zako. Mwaka 1920, mjini Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Waliotangulia walilipwa, nao wakamsifu kila mahali. Kumbe walilipwa kwa fedha za waliofuata. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule biashara yake ilianguka, na maelfu ya watu wakapata hasara. Kwa hiyo usiseme, “Fulani amelipwa, mimi nimeona.” Kulipwa kwa fulani ndiyo chambo.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, kata simu. Kufanya hivyo si utovu wa adabu. Mwenye shida ya kweli atakuwapo hata baada ya nusu saa.

Pili, tazama salio lako mwenyewe kwa menyu ya simu yako, wala usiamini ujumbe peke yake. Hata jina la kampuni likionekana juu ya ujumbe, laweza kughushiwa.

Tatu, mtu akisema amekosea namba, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie aende kwa kampuni yake ya simu, nawe uipigie yako. Wao wanaweza kuona kama fedha ziliingia kweli, nao ndio wenye kazi ya kuzirudisha.

Nne, uliza mtu mmoja kabla ya kutuma, hata kama ni mdogo wako. Kuuliza si ujinga.

Tano, ukiisha kudanganywa, usikae ukilia. Pigia kampuni ya simu saa ile ile, maana ikiwa fedha hazijatolewa huenda zikazuiwa. Badili namba yako ya siri, hifadhi ujumbe na namba ya mlaghai, kisha peleka habari polisi. Hapa Uganda udanganyifu wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011.

Sita, na hili ndilo kubwa kwangu: sema. Waambie jirani, waambie darasa, waambie waumini kanisani. Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Mlaghai hutegemea aibu yetu. Ajua kwamba aliyedanganywa atanyamaza, naye kesho atatumia maneno yale yale kwa nyumba ya pili, na kesho kutwa kwa nyumba ya tatu.

Rafiki yangu amekwisha kurudi shuleni, ila sasa yuko nyuma yangu kidato kimoja. Kabla ya kuipeleka makala hii kwa mhariri nilimwonyesha, nikamweleza habari ya ile malaria. Alisoma hadi mwisho, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Ungeniambia.” Sikuwa na jibu.

Basi ndugu msomaji, likizo ikifika, keti na mama yako au bibi yako, umsomee kurasa hizi. Na akikuambia, “Mwanangu, tungoje kwanza tuulize,” msikilize.

Ni mimi wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita