SOMO: MOTO WA MAPENZI HUPOA, MALEZI HUJENGA



Baada ya mavuno, sharika zetu za Sepuka hupokea vijana wanaotaka kufunga ndoa. Wazee wa usharika hutuuliza: mbona wengine waliopendana sana huanza kutajana vibaya kabla mtoto wa kwanza hajatembea? Katika somo hili tuangalie kinachotokea mwilini mtu anapopenda.

1. Mwanzo ni moto

Mwaka 2005 Helen Fisher na wenzake wa Marekani walitoa utafiti wa watu 17 waliokuwa wamezama katika mapenzi. Walipoonyeshwa picha za wapenzi wao huku ubongo ukipimwa kwa mashine, sehemu zenye dopamini nyingi zilionekana kufanya kazi zaidi. Dopamini ni kemikali inayomsukuma mtu kufuata kinachompa raha. Ndiyo maana kijana aliyependa hashauriki.

Mwaka 1999 huko Italia, Donatella Marazziti na wenzake walipima damu ya wapenzi wapya 20. Upande wa serotonini, kemikali inayosaidia kutuliza mawazo, damu yao ilifanana na ya wagonjwa wenye mawazo yasiyokoma. Baadhi yao walipimwa tena baada ya miezi 12 hadi 18, na hali ilikuwa imerudi kawaida. Basi kupoa huko si uchawi, wala si ushahidi kwamba mwenzako amekuchoka.

2. Ukaribu hujenga

Homoni ya oksitosini wakunga wetu wanaifahamu: mama hudungwa sindano yake mara baada ya kujifungua ili asipoteze damu nyingi. Mwili wenyewe huitoa mama anaponyonyesha, na wataalamu huihusisha pia na ukaribu wa wapendanao.

3. Baba naye hubadilika

Mfano upo jirani, eneo la Ziwa Eyasi. Mwaka 2009 Martin Muller na wenzake walitoa matokeo ya kupima testosteroni, homoni ya kiume, katika mate ya Wahadzabe na Wadatoga. Kwa Wahadzabe, ambao baba hubeba na kulea watoto wadogo, akina baba walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao malezi ya watoto wadogo ni kazi ya akina mama zaidi, tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka 2011 utafiti wa Ufilipino uliwafuatilia wanaume wale wale kwa miaka kadhaa: waliopata watoto homoni hiyo ilishuka, na zaidi kwa waliotumia saa nyingi kulea. Huko si kupungukiwa uanaume. Ni mwili kuhama kutoka kutafuta mwenza kwenda kutunza familia.

4. Kazi ya kamati

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kusudio la ndoa litangazwe siku 21 kabla. Tusizimalize siku hizo kwa michango ya sherehe tu. Tuwaambie wachumba mapema kwamba moto utapoa, na tupange kuwatembelea katika miaka miwili ya kwanza. Nanyi mnaotuchangia, semina ya wanandoa ni mradi kama kisima: hujengwa kabla ya kiu.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wenu, nani huwatembelea wanandoa baada ya harusi?
2. Baba anayembeba mtoto hadharani husemwaje kijijini kwenu? Tufanye nini ili apate moyo?