MBWA WA ZIZI: KUMPATA, KUMZALISHA NA KUJIKINGA NA MARADHI YAKE

Kuanzia Kasulu na Uvinza hadi vijiji vya pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, wafugaji wa mbuzi na ng'ombe wana mbwa, na wengi wao ni Waislamu. Lakini jambo hili husemwa kwa kunong'ona kana kwamba ni aibu. Matokeo yake mtu huokota mtoto wa mbwa popote, hamchanji, na mwanawe akiumwa anaficha. Sisi wa hospitali tunaletewa mgonjwa akiwa ameshachelewa.

Katika hadithi walizopokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameonya kuwa mwenye kufuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwindia au wa shamba. Kwa hiyo mbwa wa zizi ana nafasi yake. Ama kumnunua, ipo hadithi sahihi inayokataza thamani ya mbwa, na madh-hebu ya Shafii tunayoifuata wengi wetu haikubali biashara hiyo, ingawa Mahanafi wameruhusu kumuuza mbwa mwenye manufaa. Njia isiyo na utata ni kupewa, na kwa jirani ambaye jike lake limezaa hilo si gumu. Kama aliyegharamia chanjo na dawa anataka arudishiwe fedha zake, hapo aulizwe sheikh. Mimi ni tabibu tu.

Mbwa wetu wa kienyeji hawaswagi kundi kama wale wa Uingereza. Kazi yao ni kukaa na mifugo na kubweka anapokuja fisi, chui, nyani au mwizi. Hivyo unapotafuta mtoto, mtazame kwanza mama yake. Je, anatulia kati ya mbuzi? Anakimbiza kuku? Anarukia watoto bila sababu? Mama mkali ovyo usichukue mtoto wake hata akiwa mnene na wa kupendeza. Mtoto mwenyewe awe na macho makavu, asiyejificha pembeni, na tumbo lisiwe limevimba kama ngoma, maana hiyo mara nyingi ni minyoo.

Achukuliwe akiwa na wiki 8. Watu hupenda kumchukua wa wiki 4 wakisema atawazoea. Kwa maoni yangu hilo ni kosa: mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha asiume kwa nguvu. Akifika kwako, mweke karibu na mbuzi tangu siku za mwanzo hadi miezi 4, awaone kuwa ni jamaa zake.

Mwenye jike naye ana wajibu. Joto huja takriban mara mbili kwa mwaka. Asipandwe katika joto la kwanza, bali angoje afikishe mwaka mmoja na nusu au miwili, wala asipandwe na baba yake au kaka yake. Mimba ni siku 63 hivi. Kabla ya kumpandisha, hesabu majirani wenye mifugo wanaohitaji mbwa kweli. Kama hawapo, mfungie ndani ya ua kwa wiki zote 3 za joto. Anayewaachia wazaliwe kisha akawatupa jalalani akumbuke kuwa yupo mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari wana minyoo waliyoipata tumboni mwa mama. Mayai yake hukaa kwenye udongo, mtoto wa binadamu anayemeza udongo huyapata, na lava wake wanaweza kufika hata kwenye jicho. Wapewe dawa ya minyoo ya mbwa wakiwa na wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2 hadi wiki 8, na mama pia. Bwana mifugo atakwambia kipimo.

Upo mnyoo mwingine ambao sisi tunaochinja Idd tunaulisha wenyewe. Maini na mapafu ya mbuzi au kondoo yenye mifuko ya maji tukimtupia mbwa, mnyoo hukomaa ndani yake, mayai hutoka na kinyesi, na mtu akiyala hupata mifuko hiyohiyo kwenye ini au mapafu. Inaweza kukua kwa miaka bila maumivu, na wengine huishia kufanyiwa upasuaji. Maini ya namna hiyo yachomwe au yazikwe kwenda chini sana. Kwa mbwa, dawa yake ni prazikwanteli, jina tunalolijua sote huku ziwani kwa ajili ya kichocho, ila asipewe vidonge vya mtoto wako.

Sasa kichaa cha mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa kiliua watu wapatao 1,500 kwa mwaka Tanzania. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kule Pemba ugonjwa ulitokomezwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kuchanja tena hadi ukaisha mwaka 2018. Basi usimlete mtoto wa mbwa kwa boti au lori kutoka usikokujua. Achanjwe akiwa na miezi 3, arudie baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya bwana mifugo.

Chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini jeraha bichi si sufuria! Usilipake udongo, utaleta pepopunda. Lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama aliyeuma ni mbwa mdogo aliyekuwa akicheza. Suala la tohara sheikh atakuelekeza baada ya matibabu.

Mbwa aliyeuma asiuawe haraka. Kama anaweza kufungwa bila kumhatarisha mtu, afungwe na kuangaliwa siku 10, bwana mifugo akiwa na habari. Akibadilika tabia au akifa, toa taarifa palepale. Mgonjwa asingoje siku hizo ziishe ndipo aanze chanjo.