Tumbo likiuma, weka kipira cha lavema mbali



Bwana ametoka kazi ya usiku. Siku mbili hajaenda choo, tumbo linamwuma chini, upande wa kushoto, na mwili una moto. Nyumbani shauri halikosekani: maji ya vuguvugu, majani ya dawa, na kipira cha lavema. Kila mtu anataka kumsaidia. Kumbe siku hiyo kipira kinaweza kumwua.

Sababu gani? Mabaki ya chakula yanaingia katika utumbo mnene, wenye urefu wa karibu metre 1.50. Utumbo huo unanyonya maji na kusukuma mavi mpaka nje. Ukuta wake una misuli inayokaza na kulegea, lakini pale mishipa ya damu inapopenya, ukuta ni dhaifu. Msukumo ukizidi miaka na miaka, ngozi ya ndani inatokeza nje na kufanya vifuko vidogo, vingi vyao kama punje ya mahindi. Ni kama mpira wa baiskeli unaotokeza pale tairi lilipochakaa. Waganga wanaviita divertikula. Watu wengi wanavyo, zaidi wazee, nao hawasikii kitu maisha yao yote.

Shida inaanza kifuko kimoja kinapovimba na kutunga usaha. Hapo ukiingiza maji kwa nguvu, au dawa ya miti inayokaza utumbo, kifuko kinaweza kupasuka na uchafu kumwagika ndani ya tumbo. Dawa ya kuharisha nayo ina hatari hiyo. Na kama maumivu yako upande wa kuume, huenda ni apendisi: hapo pia, hapana lavema.

Mpeleke mgonjwa hospitali siku ile ile kama maumivu hayaachi na ana homa, au tumbo limekuwa gumu, au anatapika, au hapitishi hata hewa. Damu chooni nayo haingoji, hata kama hasikii maumivu. Watu wanapenda kusema ni bawasiri tu. Pengine ni kweli, lakini pengine ni kifuko kinachotoa damu, au kansa ya utumbo, na macho ya jirani hayawezi kuvitenga.

Munganga Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyepasua wagonjwa miaka mingi katika Uganda, aliona kwamba vifuko hivi, vilivyojaa Ulaya, vilikuwa haba sana kwa watu wa vijiji vya Afrika. Mwaka 1971 yeye na Neil Painter waliandika kwamba kosa kubwa ni chakula kilichoondolewa makapi. Leo tunajua si chakula peke yake. Umri, unene, sigara, kukaa bila kutembea na urithi wa jamaa vina sehemu yao. Hata vidonge vya ibuprofeni, ambavyo wengine wanameza kila siku kwa ajili ya mgongo, vinaongeza hatari. Aspirini vilevile, lakini uliyepewa aspirini kwa ajili ya moyo, usiache bila kumwuliza munganga.

Mama, unga mweupe kabisa unapendeza machoni, lakini nguvu ya kusukuma choo imebaki katika pumba. Acha pumba kidogo katika bukari. Ongeza maharagi, sombe, lengalenga, viazi vitamu, tena polepole, ama sivyo tumbo litajaa hewa. Zamani wagonjwa walikatazwa karanga na bisi. Uchunguzi wa Marekani juu ya wanaume zaidi ya 47,000, uliotolewa mwaka 2008, haukuona kosa ndani yake.

Makapi bila maji yanakauka. Anayefanya kazi penye joto chini ya udongo anatoka jasho jingi, kwa hiyo achukue maji ya kutosha na kunywa kabla ya kiu. Choo kikikuita, enda. Tunajua vyoo viko mbali, na kapita wengine wananuna. Lakini mavi yanayozuiliwa kila siku yanakuwa magumu kama mawe.

Ukifika hospitali, sema maumivu yalianza siku gani, ulienda choo lini, na vidonge gani ulimeza. Na kama nyumbani walikwisha kutia lavema, sema pia, pamoja na majani waliyotumia. Usione haya: bila neno hilo munganga anaweza kukosea.