Nyama ya Nguruwe ya Kunyambua: Desturi za Majimbo ya Kusini ya Marekani

Msomaji, twaa ramani ya Marekani, uweke kidole juu ya jimbo la North Carolina, kule mashariki penye bahari ya Atlantiki. Kisha kivute polepole kuelekea magharibi mpaka mji wa Memphis, kando ya mto Mississippi. Katika njia hiyo yote watu hupika nyama moja, bega la nguruwe au nguruwe mzima, kwa moto wa polepole mno. Huinyambua au kuikatakata, wakaitia ndani ya mkate laini wa mviringo na kuila kama sandwichi. Lakini umwambie mtu wa pwani kwamba sandwichi yake ni sawa na ya mtu wa bara, utaona hasira yake. Nataka kueleza watofautiana kwa nini, na pia jambo moja lililowapeleka mahakamani, yaani nani aruhusiwe kuketi mezani.

Ndugu zetu wasiokula nyama hii wanisamehe. Habari ya moto na ya mahakama ni ya watu wote.

Kwetu nyama ya nguruwe hukaangwa au huchomwa juu ya makaa, na haipiti saa nyingi watu wamekwisha kula. Nyama ya kunyambua haitaki haraka hiyo. Bega la mnyama hufanya kazi siku zote za kutembea kwake, kwa hiyo limejaa kano na tando ngumu. Ukilichoma upesi utatafuna mpaka taya ziume. Lakini likikaa katika joto la digrii 110 hivi za Selsiasi kwa saa 10 au 12, ule ugumu, uitwao kolajeni, hulegea ukawa jelatini laini, na mafuta hushuka kati ya nyama. Mpishi hungoja hata ndani ya nyama kufike digrii 90 na zaidi. Ndipo mfupa huchomoka wenyewe bila kisu.

Katikati ya kazi hutokea jambo la ajabu. Joto la nyama likifika karibu na digrii 70 husimama, na kwa saa kadhaa halipandi. Mpishi mgeni hudhani moto umekufa, akachochea kuni, akaikausha nyama yake. Sababu yake mwanafunzi wa fizikia aijua: maji yatokayo juu ya nyama hugeuka mvuke na kuipoza, kama vile jasho litupozavyo sisi tukicheza mpira. Dawa ni kungoja. Kuni zipendwazo ni za mwaloni na za mti wa huko uitwao hikori. Wenye kushika desturi ya zamani huzichoma kando mpaka ziwe makaa, ndipo makaa yatandazwe kwa beleshi chini ya nyama, kidogo kidogo, usiku kucha.

Waspania walilipata neno la upishi huu, barbacoa, kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi. Maana yake ni miti iliyofungwa pamoja ya kuwekea nyama juu ya moto, nasi Waswahili tunalo neno letu kamili, chanja. Nguruwe waliletwa na Wazungu. Hernando de Soto alishuka nao Florida mwaka 1539. Lakini katika mashamba makubwa ya kusini, waliochimba shimo, wakapasua kuni na kukesha hata asubuhi, walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika waliotiwa utumwani. Bwana alikuwa na karamu. Ujuzi wa moto ulikuwa wao.

Sasa tuje kwenye mchuzi. Mashariki ya North Carolina hupika nguruwe mzima, wakaikata nyama kwa visu vizito na kuitia siki, chumvi na pilipili, basi. Nyanya huko ni uharibifu. Katika mji mdogo wa Ayden uko mkahawa wa Skylight Inn, uliofunguliwa na Pete Jones mwaka 1947, ambao huchanganya na ngozi iliyokauka ikawa kama bisi mdomoni. Ukiingia bara hata mji wa Lexington, nguruwe mzima humwoni tena, ni bega tu, na siki yao ina nyanya kidogo. Hata kabichi yao ni nyekundu. Huko mwaka 1919 Sid Weaver alisimamisha hema mbele ya nyumba ya mahakama, akiwauzia watu waliokuja kwa kesi zao, na baadaye Jess Swicegood akasimamisha lake. Vuka mpaka uingie katikati ya South Carolina: mchuzi ni wa manjano, wa haradali, nao husemwa kuwa urithi wa walowezi wa Kijerumani wa karne ya 18. Memphis hupenda utamu wa nyanya na molasi, na kabichi huwekwa humo humo ndani ya mkate. Mimi nachagua siki. Nyama yenye mafuta mengi yataka kitu kikali cha kuikata, na watu wa Memphis wana haki ya kunijibu.

Tarehe 2 Julai 1964 ilitiwa sahihi Sheria ya Haki za Raia, iliyokataza mikahawa kubagua watu kwa rangi. Katika mji wa Birmingham, Alabama, ulikuwako mkahawa wa Ollie's Barbecue. Watumishi wake, kama theluthi mbili, walikuwa watu weusi; lakini mteja mweusi aliweza kununua chakula na kwenda nacho tu, asiketi. Wenye mkahawa wakadai kwamba serikali ya Washington haina amri juu ya biashara ya mji mmoja. Mahakama ya Juu ikatazama hesabu. Katika muda wa miezi 12 mkahawa ulinunua vyakula vya dola 150,000 hivi, na asilimia 46 ilikuwa nyama iliyotoka nje ya Alabama. Basi hiyo ni biashara ya kati ya majimbo, na bunge la nchi lina mamlaka juu yake. Tarehe 14 Desemba 1964 majaji wote walikubaliana.

Kesi ya pili ilitoka katika nchi ya haradali yenyewe. Maurice Bessinger wa South Carolina, mwenye mikahawa ya Piggie Park, aliwakataa wateja weusi, akadai hata dini yake yamruhusu. Anne Newman na wenzake wakamshtaki. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu ashindaye kesi ya namna hii, kwa kawaida alipwe gharama za wakili wake, kwa kuwa amewapigania na wengine. Hilo si dogo, maana haki isiyo na wakili hukaa katika karatasi.

Katika jimbo hilohilo, Rodney Scott, mtu mweusi aliyekulia katika duka la wazazi wake huko Hemingway, hupika nguruwe mzima juu ya makaa ya kuni na kumpaka siki na pilipili. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa majimbo ya kusini-mashariki.