Kivinjari cha Kompyuta: Soma Mstari wa Juu

Wengi wetu tuliijulia intaneti kwenye simu, ambako kila huduma ina alama yake: unagusa ya WhatsApp, unagusa ya benki, umeingia. Kwenye kompyuta ya mezani karibu kila kitu hupitia programu moja, nayo ni kivinjari. Humo ndimo utakamosoma barua pepe, utakamotazama matokeo ya mtihani, utakamojaza maombi ya kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira au fomu ya mkopo wa chuo. Aliyezoea simu akifika mbele ya mashine hiyo mara nyingi humwachia kibodi kijana wa steshenari, naye kijana hujaza, hutuma na huweka nywila anayoijua yeye. Makala haya yanataka kibodi ibaki mikononi mwako.

Kompyuta ikishawaka, tazama ukanda ulio chini kabisa ya skrini. Chrome ni duara lenye nyekundu, njano na kijani, na kitone cha bluu katikati. Edge ni wimbi la bluu na kijani. Firefox ni mbweha wa rangi ya chungwa aliyejikunja. Kwenye ukanda huo, kubofya mara moja kunatosha. Alama ikiwa kwenye eneokazi, yaani ile picha kubwa unayoikuta kabla hujafungua programu yoyote, bofya mara mbili upesi huku mkono umetulia. Mkono ukiteleza katikati, utaihamisha alama badala ya kuifungua. Usipoiona popote, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows kwenye kibodi, andika edge, kisha bonyeza Enter. Kompyuta yenye Windows 10 au 11 huwa na Edge tayari. Kwenye Mac kuna Safari, dira ya bluu, na mara nyingi panapotajwa Ctrl hapa, mwenye Mac atatumia Command.

Kompyuta kongwe bado zina ile herufi e ya bluu ya Internet Explorer. Iache. Microsoft iliacha kuihudumia Juni 2022, na kurasa nyingi za leo hazifunguki ndani yake. Mashine za Windows 7, ambazo shule nyingi bado zinazo, nazo zina kikomo: Chrome iliacha kuzipa matoleo mapya mwanzoni mwa 2023. Kusomea habari hazina neno. Mambo ya benki yafanyie kwingine.

Kivinjari kufunguka si dalili kwamba mtandao upo. Hiyo ni programu iliyomo ndani ya kompyuta. Intaneti huja kwa waya, kwa Wi-Fi au kwa bando la simu uliyoiunganisha. Chrome ikikuonyesha kidinosa cha kijivu, basi hujapata mtandao, na wala si kosa lako. (Bonyeza kitufe kirefu cha nafasi, kidinosa kitaanza kukimbia. Ni mchezo wa kupitishia muda ukisubiri mtandao urudi.)

Sasa tuje kwenye mstari mrefu ulio juu, upau wa anwani. Hapa ndipo watu hupotelea, kwa sababu mstari huo mmoja hufanya kazi mbili. Ukiandika anwani kamili, tuseme necta.go.tz, na kubonyeza Enter, unapelekwa moja kwa moja kwa Baraza la Mitihani. Ukiandika matokeo kidato cha nne, hujaenda popote bado: umeiuliza Google au Bing, nayo inakuletea orodha ya kurasa. Orodha hiyo haikupangwa kwa uaminifu. Juu kabisa yanaweza kuwapo matangazo yaliyolipiwa, yenye neno dogo la kuyatambulisha, na chini yake tovuti za watu binafsi wanaochuma kwa kila anayepita. Msimu wa matokeo zinajaa kurasa zilizobandikwa nembo ya Baraza, na kabla hujaona alama za mtoto umeshaombwa namba ya simu.

Kwa hiyo jifunze kuisoma anwani. Tafuta mkwaju wa kwanza, alama hii /, baada ya ile sehemu ya mwanzo ya https://. Mwenye tovuti hujulikana kwa maneno yaliyo mara tu kabla ya mkwaju huo, nawe unayasoma kwa kurudi nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto. Katika www.necta.go.tz/ unaanza na tz, yaani Tanzania, halafu go, yaani serikali, halafu necta. Sasa tazama anwani hii ya kubuni: necta.go.tz.matokeo-yangu.com/. Jicho lenye haraka limeshaona necta.go.tz na kuridhika. Ukirudi nyuma kutoka kwenye mkwaju unakuta com, kisha matokeo-yangu, na hapo umeshamjua mwenyewe. Hayo mengine ya mbele ni mapambo, na yeyote anaweza kuyaweka.

Anwani zinazoishia na .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali ya Tanzania tu; Kenya ni .go.ke, kama ecitizen.go.ke, na Uganda ni .go.ug. Si kila chombo cha umma hutumia mwisho huo. Usipouona, chukua anwani kwenye barua au tangazo rasmi la taasisi yenyewe, usiichukue kwenye ujumbe uliosambazwa katika kundi la WhatsApp. Na ukilazimika kutafuta, kuna ufundi mmoja ambao wachache wanaujua: andika mkopo site:go.tz, bila nafasi baada ya nukta mbili, na Google itakuletea kurasa za serikali ya Tanzania peke yake.

Vipi kuhusu kufuli? Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba ukiona kakufuli karibu na anwani, tovuti ni salama. Ushauri huo umezeeka. Kufuli lilimaanisha tu kwamba mazungumzo kati ya kompyuta yako na tovuti yamefichwa, wengine njiani hawayasomi. Halikusema lolote kuhusu tabia ya mtu aliye upande wa pili. Cheti cha kulipata sasa hutolewa bure, na matapeli wanacho kama wengine. Chrome yenyewe iliiondoa alama hiyo kwenye upau mwaka 2023 na kuweka nyingine, kwa sababu watu walikuwa wakiielewa vibaya. Mahali pasipo na https usiandike nywila kabisa. Palipo nayo, bado isome anwani.

Mengine ni mazoea ya vidole. Ctrl na T hufungua kichupo kipya, hivyo unaweza kuacha fomu yako wazi na kwenda kutazama barua pepe iliyo na namba ya uthibitisho. Ukikifunga kichupo kwa bahati mbaya, Ctrl, Shift na T kwa pamoja hukirudisha, ingawa ulichokuwa umekijaza kwenye fomu kinaweza kisirudi. Maandishi yakiwa madogo, Ctrl na alama ya kujumlisha huyakuza. Ctrl na sifuri huyarudisha yalivyokuwa. Ctrl na F ni hazina: kwenye orodha ndefu ya walioitwa kwenye usaili, andika jina lako na kivinjari kitakupeleka lilipo. Lisipoonekana, usikate tamaa kabla ya kujaribu jina la ukoo peke yake, maana orodha nyingine hutanguliza hilo.

Kuna mlango mmoja ambao uchafu mwingi huingilia. Unafungua ukurasa wa mpira au wa filamu, kunatokea kidirisha kinachoomba ruhusa ya kukutumia arifa, na kubofya Ruhusu ndiyo njia ya haraka ya kukiondoa. Tangu siku hiyo kona ya skrini haitulii: kompyuta ina virusi, umeshinda simu, bofya hapa. Mara nyingi hakuna virusi vyovyote. Ni ile tovuti inatumia ruhusa uliyoipa. Katika Chrome bofya nukta tatu zilizo juu kulia, ingia kwenye mipangilio, kisha faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, uondoe kila jina usilolijua. Ukurasa mzima ukijaza skrini na kupiga kelele kwamba upige namba fulani ya simu, usipige. Shikilia Esc, kisha Ctrl na W kuufunga. Ukigoma, Alt na F4 huifunga programu nzima.

Tatizo jingine huwachanganya hata mafundi wachanga: kila tovuti unayoifungua inakuambia muunganisho wako si wa faragha. Kabla ya kulaumu mtandao, tazama saa ya kompyuta, kona ya chini kulia. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayodhani tuko mwaka 2012 huona vyote vina kasoro. Mashine za mezani hukumbwa na hili kwa sababu zinatunza saa kwa betri ndogo ya duara iliyo ndani, aina ya CR2032. Ikiisha, kila umeme unapokatika saa hupotea. Rekebisha tarehe, na tovuti zitafunguka. Ukitaka lisijirudie, badilisha betri. Ni kitu cha bei ndogo. Ila tarehe ikiwa sahihi na onyo limebaki kwenye tovuti moja tu, hilo ni onyo la kweli, usilivuke.

Ukiwa kwenye kompyuta ya watu, iwe maktabani, ofisini au steshenari, anza na dirisha fiche: Ctrl, Shift na N katika Chrome na Edge, au Ctrl, Shift na P katika Firefox. Ukilifunga, historia na kuingia kwako kwenye akaunti vinafutika humo. Lakini usilipe sifa lisizokuwa nazo: mwenye mtandao bado anaweza kuona tovuti ulizotembelea, na faili ulizopakua zinabaki kwenye kompyuta. Nakala ya kitambulisho na cheti cha kuzaliwa uliyoiweka pale kwa ajili ya kuchapisha itakuwa pale kesho, mbele ya mteja mwingine. Bonyeza Ctrl na J kuona vilivyopakuliwa, fungua folda yake, vifute, kisha vifute tena kwenye pipa la taka. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa.

Akaunti ya barua pepe iwe yako, na namba ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho iwe yako. Kuna waombaji ambao maombi yao yalitumwa kwa barua pepe ya mhudumu, na mfumo ulipowataka warekebishe jambo, taarifa ikaenda kwake, naye ameshahama duka. Mhudumu mwema atakuelekeza ukiwa umekaa wewe kwenye kiti. Mlipe kwa muda wake. Na ukimaliza kutuma, kabla ya kubofya Ondoka, bonyeza Ctrl na P, na mahali pa kuchagua mashine ya kuchapia chagua kuhifadhi kama PDF, kisha ujitumie faili hiyo kwa barua pepe yako mwenyewe: ndiyo risiti pekee utakayokuwa nayo siku watakaposema hawakuipata fomu yako.