Kompyuta Inakwenda Polepole: Tatizo ni Kasi au Nafasi?



Tuseme kikundi chenu cha kuweka na kukopa hapa Busisi kina kompyuta ya mezani. Mliinunua ikiwa imekwisha tumika. Zamani iliwaka upesi. Siku hizi katibu akiiwasha, anakwenda kuchota maji, anarudi, bado haijawa tayari. Siku ya mkutano wanachama wanangoja hesabu zao. Mmoja anasema, "Ndugu mwenyekiti, tuchange tununue mpya." Mwingine anasema, "Hapana, fundi aiongezee kumbukumbu tu." Nani anasema kweli? Fedha ni za wanachama wote. Basi, kabla ya kuzitoa, tujifunze.

KASI NA NAFASI NI VITU VIWILI

Sisi wa Busisi jambo hili tunalijua. Kabla daraja la Kigongo hadi Busisi halijafunguliwa, tarehe 19 Juni 2025, magari yalivuka kwa kivuko. Kivuko kilikuwa na injini, na kilikuwa na sitaha ya kubebea magari. Sitaha ikijaa, waliobaki walingoja safari nyingine. Hata injini iwe na nguvu namna gani, gari lako halikupata pa kukaa. Injini ni kasi. Sitaha ni nafasi. Kompyuta nayo ina kasi yake na nafasi yake.

KARANI, MEZA NA KABATI

Mfikirie karani ofisini.

Prosesa ni karani mwenyewe. Ndiyo inayofanya hesabu zote. Kasi yake hupimwa kwa gigahezi, huandikwa GHz. Gigahezi 1 ni mapigo 1,000,000,000 kwa sekunde moja.

Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM, ni meza ya karani. Ukubwa wake hupimwa kwa gigabaiti, huandikwa GB.

Diski ni kabati. Mafaili yote hukaa humo, hata umeme ukizimwa.

Sasa, karani hufanya kazi na karatasi zilizoko mezani. Meza ikijaa, inabidi arudishe nyingine kabatini ndipo atoe anayoitaka. Anainuka, anakaa, anainuka tena. Ni kama kivuko kidogo chenye foleni ndefu: safari hazishi. Nayo diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, ni nzito sana kuliko kumbukumbu. Ndiyo maana kompyuta inakwama. Karani si mvivu. Meza ndiyo ndogo.

Angalia hatari moja. Umeme ukikatika, vyote vilivyoko mezani hupotea. Vilivyoko kabatini hubaki. Kwa hiyo, ukiandika akiba za wanachama, usingoje mpaka umalize. Kila baada ya muda mfupi bonyeza Ctrl na S kwa pamoja ili kazi ihifadhiwe kwenye diski.

KAGUA KWANZA

Fungua programu mnazotumia kila siku. Kisha bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Katika kompyuta yenye Windows 10 litatokea dirisha lenye namba za asilimia. Kama huzioni, bonyeza maneno "More details" chini ya dirisha. CPU ni prosesa. Memory ni kumbukumbu. Disk ni diski. Soma hivi:

1. Memory iko karibu na 100, CPU iko chini: meza ni ndogo. Funga programu usizozitumia. Ikibaki hivyo, kuongeza RAM kutasaidia.

2. CPU iko karibu na 100 kwa muda mrefu: karani amelemewa. Kuongeza RAM hakutamsaidia. Tazama kwanza ni programu gani inayomlemea.

3. Disk iko karibu na 100, lakini Memory ina nafasi: kabati ndilo linalochelewesha. Diski ya aina ya SSD, isiyo na sahani inayozunguka, ina kasi zaidi.

MIPAKA YA KOMPYUTA YA ZAMANI

Usikimbilie dukani. Daftari lenye vyumba viwili vya tarakimu huishia 99. Haliwezi kuandika 100. Kompyuta nayo huzipa namba nafasi zote za kumbukumbu. Windows ya biti 32 kwa kawaida huishia nafasi 4,294,967,296, yaani GB 4. Ukiitilia GB 8, nusu ya fedha yako imepotea. Windows ya biti 64 haina kikomo hicho kidogo.

Tena, vipande vya RAM havifanani. DDR2, DDR3 na DDR4 haviingiliani. Pengo la kila kimoja liko mahali pake. Ukienda Mwanza kununua, chukua kile cha zamani mkononi, na umuulize fundi mashine yenu inakubali GB ngapi.

Jambo la mwisho. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 au zaidi, lakini pia inachagua prosesa. Kompyuta nyingi za zamani haiziungi mkono hata ukiziongezea RAM. Hapo kumbukumbu siyo dawa.

Basi, kati ya wale wanachama wawili, nani alisema kweli? Hakuna ajuaye mpaka kompyuta ikaguliwe. Kupima ni bure. Kukisia kuna gharama.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kati ya prosesa, RAM na diski, ipi ni karani, ipi ni meza, ipi ni kabati?
2. Umeme ukikatika, nini hupotea?
3. Kompyuta inaonyesha CPU 20 na Memory 97. Mtashauri kikundi kifanye nini?
4. Kwa nini GB 8 ni hasara katika Windows ya biti 32?